Barua kwa mwanangu: Wahindi waliokuja Tanga na bunduki

Tanga, Chumbageni

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo. Mama yako anaendelea vizuri na goti lake, na wadogo zako wanakusalimu sana.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema mlikuwa na mjadala chuoni juu ya wale askari wa Kihindi walioletwa na Mwingereza kupigana hapa kwetu mwaka 1914, nawe ukasimama ukasema walikuwa vibaraka, basi. Yule mwenzako ambaye mababu zake walitoka Punjab akakasirika, akatoka nje. Sasa unaniuliza nani kati yenu alikuwa na haki.

Sikutaka kukujibu kwenye simu. Nimefundisha historia miaka mingi, na hili ni miongoni mwa mambo yanayoniuma kila ninapoyafikia darasani. Kwa hiyo tafuta nafasi, ukae, usome taratibu.

Nianze na nyumbani. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilitokea mbele ya bandari yetu zikiwa na watu wapatao 8,000 kutoka India. Kabla hajashuka hata mtu mmoja, nahodha wa manowari iitwayo Fox aliwaendea Wajerumani kuwaarifu kwamba makubaliano ya kutopigana bandarini yamefutwa, akawapa na muda wa kufikiri. Muda huo Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Mjerumani, aliutumia kuwaleta askari wake kwa reli kutoka upande wa Moshi. Mapambano makubwa yalipowaka tarehe 4, yeye alikuwa na watu elfu moja hivi, wengi wao Waafrika wenzetu.

Sasa watazame hao walioshushwa Raskazone. Walikuwa wametoka Bombay katikati ya Oktoba, wamebanana melini chini ya joto, wengi ni wakulima wa bara ambao bahari walikuwa hawaijui. Walitapika mpaka miguu ikaishiwa nguvu. Baadhi ya vikosi vilikabidhiwa bunduki za aina mpya muda mfupi tu kabla ya safari. Kikosi cha 63 cha Palamcottah, kutoka kusini mwa India, kilikuwa hakijaonja vita kwa miaka mingi. Jenerali wao, Arthur Aitken, hakujali kupeleleza njia, kwa sababu aliamini askari Mwafrika hawezi kusimama mbele ya jeshi lake. Akawaingiza kwenye mashamba ya mpira na ya mkonge, kwenye vichaka ambamo mtu hamwoni mwenziwe wa hatua kumi, wanapigwa risasi wasijue zinatoka mti gani. Unaijua Tanga ya Novemba, jua lake na unyevu wake. Halafu nyuki, mizinga yao ilipotobolewa na risasi, wakawavamia watu wa pande zote mbili.

Kikosi cha 63 kilivunjika, watu wakakimbilia ufukweni. Hilo ni kweli na hakuna haja ya kulificha. Lakini wale Grenadia wa 101, upande wa kushoto, walibaki mahali pao wakafyekwa Lettow-Vorbeck alipowazunguka. Na Wagurkha, watu wenye asili ya Nepal, wa jeshi la Kashmir, pamoja na Waingereza wa kikosi cha Lancashire, waliingia mjini kabisa, wakapigana mtaa kwa mtaa, wakafika kwenye hoteli ya Kaiserhof wakaishusha bendera ya Mjerumani. Hakuna aliyetumwa kuwaunga mkono. Kesho yake jeshi zima lilirudishwa melini, limeacha ufukweni bunduki za rashasha, mamia ya bunduki za kawaida na malaki ya risasi. Upande wa Mwingereza walikufa zaidi ya watu 300. Silaha walizoziacha Mjerumani alizitumia kuendeleza vita.

Aitken alishushwa cheo, lakini simulizi waliyoondoka nayo maofisa wengi wa Kiingereza ilikuwa moja: Mhindi ndiye aliyetuangusha. Ukisoma vitabu vya zamani utaikuta imerudiwa, hata na watu ambao hawakukanyaga Tanga.

Miezi miwili na nusu baadaye, hao hao waliodharauliwa walikuwa Jasini, huku mpakani kwetu karibu na Vanga. Wewe umepita huko ukienda Mombasa ukiwa mdogo, ulikuwa umelala. Palikuwa na ngome ndogo kando ya shamba la mkonge, inalindwa na kombania nne, mchanganyiko wa watu wa Kashmir na Grenadia wa 101. Tarehe 18 Januari 1915 Lettow-Vorbeck mwenyewe aliwashambulia kwa nguvu kubwa. Mkuu wa askari wa Kashmir, Luteni Kanali Raghbir Singh, aliuawa akiwa na watu wake. Walishikilia mpaka kesho yake, risasi zilipokwisha, ndipo wakanyanyua mikono. Mjerumani alishinda, lakini aliwapoteza maofisa wake wazuri na risasi zipatazo laki mbili ambazo hakuwa na njia rahisi ya kuzirudisha. Baada ya Jasini aliona kwamba hawezi tena kupigana vita vya namna hiyo isipokuwa mara chache sana, akaingia kwenye vita vya kuvizia na kukimbia vilivyoendelea mpaka mwisho wa 1918. Vita hivyo ndivyo vilivyowamaliza wapagazi wetu kwa njaa na maradhi kote Tanganyika, wale ambao jina lao limebaki Kariakoo. Kwa hiyo mambo yaliyotokea kwenye kile kiwanja cha mkonge yanatuhusu sisi moja kwa moja.

Raghbir Singh nimemtaja kwa jina na cheo kwa makusudi. Kanali Mhindi mwaka 1915 hakuwa jambo la kawaida, na nataka ujue kwa nini, maana hapo ndipo penye kiini cha swali lako.

Katika jeshi la India lenyewe, lile la Mwingereza, Mhindi alianza kuwa sipahi, yaani askari wa kawaida, akapanda akawa naik (koplo), akawa havildar (sajini). Akiwa hodari sana, baada ya miaka kumi na mitano au ishirini, alipewa uofisa: jemadari, kisha subedari, na mmoja tu katika batalioni akawa subedari-meja. Kwa wapanda farasi aliitwa risaldari. (Jemadari wa huko usimfananishe na jemadari wetu wa Kiswahili anayeongoza jeshi zima. Kwao hicho kilikuwa cheo cha chini kabisa cha uofisa.) Hati ya cheo hicho haikutoka kwa Mfalme kama ile ya ofisa Mwingereza. Ilitolewa na mwakilishi wake kule India, na ilikuwa na nguvu kwa Wahindi tu. Subedari-meja mwenye mvi na kifua kimejaa nishani hakuweza kumwamuru askari mmoja wa kawaida wa Kiingereza. Kijana wa miaka ishirini aliyeshuka melini wiki iliyopita, kwa kuwa ni Mwingereza, ndiye mkubwa wake.

Na ujue kazi aliyokuwa akiifanya huyo subedari. Yeye ndiye aliyejua kijiji cha kila askari, nani kaoa, nani ana kesi ya shamba na binamu zake, nani hali kitu gani kwa ajili ya dini yake. Ofisa Mwingereza alipotaka kujua askari wana manung'uniko gani, alimwita subedari. Na askari walipotaka kujua kama amri fulani ni ya halali, macho yao yalimwangalia subedari kwanza. Batalioni ilisimama juu ya mabega yake, na bado katika chumba cha maofisa hakuwa na kiti.

Raghbir Singh aliweza kuwa kanali kwa sababu hakuwa wa jeshi hilo. Alikuwa wa jeshi la Maharaja wa Kashmir. Watawala wa kienyeji waliobakizwa na Mwingereza walikuwa na vikosi vyao, vinaongozwa na Wahindi, na Mwingereza akiwekwa pembeni kama mshauri. Ndiyo maana nasema, hata kama hujaisoma Jasini mahali pengine popote, ishike: Mhindi aliachwa aamuru, akaamuru mpaka akafa.

Dari hilo la vyeo halikujengwa kwa bahati mbaya. Lilijengwa kwa hofu, na hofu hiyo ni ya mwaka 1857. Wakati ule jeshi lilikuwa la Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki. Ikaletwa bunduki mpya ya Enfield. Risasi yake ilifungwa kwenye karatasi iliyopakwa mafuta, na askari alizoezwa kuing'ata kwa meno kabla ya kuishindilia. Habari zikaenea kambini kwamba mafuta yale ni ya ng'ombe na ya nguruwe. Fikiria Mhindu na Mwislamu wamesimama safu moja, kila mmoja anaambiwa atie mdomoni kitu kilicho haramu kwake. Lakini kulikuwa na zaidi ya mafuta: mishahara, ardhi zilizonyang'anywa, dharau ya kila siku. Tarehe 29 Machi, kambini Barrackpore, sipahi mmoja aitwaye Mangal Pandey aliwageuzia silaha maofisa wake. Akanyongwa tarehe 8 Aprili. Huko Meerut askari 85 wa farasi walizikataa risasi hizo. Wakavuliwa sare mbele ya wenzao, wakafungwa pingu za miguu. Kesho yake, tarehe 10 Mei, wenzao walivunja gereza, wakawatoa, wakaelekea Delhi usiku.

Maasi yale yalizimwa kwa ukatili ambao sitauandika wote. Kuna watu walifungwa kwenye midomo ya mizinga, ikafyatuliwa.

Baada ya hapo Serikali ya Uingereza iliichukua India kutoka kwa Kampuni na jeshi likasukwa upya ili lisiweze kuasi tena. Kwa kila Wahindi wawili au watatu pawepo Mwingereza mmoja. Mizinga mikubwa ibaki mikononi mwa Waingereza. Watu wa mikoa iliyoasi wapunguzwe, waandikishwe Wasikh na Waislamu wa Punjab, Wapathani, Wagurkha, ambao Mwingereza aliwatungia jina la makabila ya kivita, kana kwamba ushujaa ni damu na si malezi na njaa. Ndani ya batalioni kombania zigawanywe kwa dini na kabila, kombania ya Wasikh hapa, ya Waislamu pale, ili moja ikikorofisha nyingine iwepo ya kuinyamazisha. Mwanangu, mgawanyiko ule haukuishia kambini. Ulipofika mwaka 1947 watu walichinjana Punjab kwa mistari ambayo jeshi lilikuwa limeizoea kwa miaka tisini.

Mtu aliingiaje jeshi kama hilo? Mara nyingi kwa sababu shamba la baba yake lilikuwa limegawanywa kwa ndugu wanne, na deni la mkopeshaji lipo palepale. Mwaka 1914 sipahi alipokea rupia 11 kwa mwezi. Si fedha nyingi, lakini ni fedha zinazofika kila mwezi, na mwishoni kuna pensheni, na kwa waliobahatika kuna kipande cha ardhi ya umwagiliaji Punjab. Vita vilipokolea, vijiji viliwekewa idadi ya vijana wa kutoa na wakubwa wa serikali wakawashinikiza wazee wa vijiji waitimize. Zaidi ya watu milioni moja walipelekwa ng'ambo, wapiganaji na watumishi: Ufaransa, Mesopotamia, Misri, Gallipoli, na huku kwetu. Zaidi ya 70,000 hawakurudi.

Huku kwetu hawakuja mara ya kwanza 1914, na hapa nakupa haki yako. Mwaka 1896 askari wa kikosi cha Kibaluchi kutoka Bombay walishushwa Mombasa kumvunja Mbaruk bin Rashid wa Gazi, Mmazrui aliyekataa kumtii Mwingereza, mpaka akakimbilia upande wa Mjerumani. Mwaka uliofuata Wahindi wengine walipelekwa Uganda wakati askari wa Kisudani walipoasi. Kwa hiyo ukisema mkono uliotumika kutufunga ulikuwa wa Mhindi, husemi uongo. Mababu wa rafiki zetu wa Gazi walipigwa risasi na watu wa Bombay, na ni wajibu wa kila anayefundisha historia hii kulisema hilo waziwazi.

Ila mlipe mtu kwa alichokifanya, chote. Mwaka 1916 kikosi cha 129 cha Baluchi kilikuja kutoka Ufaransa kupigana Afrika Mashariki. Ndicho kikosi cha Khudadad Khan, aliyebaki na bunduki ya rashasha peke yake pale Hollebeke, Ubelgiji, tarehe 31 Oktoba 1914, wenzake wote wa bunduki hiyo wakiwa wameuawa. Alikuwa Mhindi wa kwanza kupewa Msalaba wa Victoria, nishani ambayo mpaka 1911 askari wa India walikuwa hawaruhusiwi hata kuipata. Ndugu zao wa kikosi cha 130 walikuwa kwenye kilima cha Salaita, karibu na Taveta, tarehe 12 Februari 1916. Makaburu na Waingereza wa Afrika Kusini waliokuwa wamefika karibuni waliwaita makuli. Siku hiyo Waafrika Kusini walishambulia kilima, wakarudishwa mbio, na Wabaluchi ndio waliosimama katikati wakawaokoa. Inasimuliwa kwamba baadaye waliwarudishia bunduki ya rashasha waliyoitelekeza, pamoja na ujumbe wa kuwaomba wasiwaite tena makuli. Ukipanda gari la Voi kwenda Taveta utapita Maktau, kuna makaburi ya Wahindi pale.

Makaburi yenyewe ni kisa kingine. Kwenye mnara mkubwa wa kumbukumbu wa Basra, Irak, maofisa wa Kihindi waliandikwa majina, lakini makumi ya maelfu ya askari wao wa kawaida walitiwa kama hesabu chini ya jina la kikosi: idadi, basi. Mwingereza askari wa kawaida ana jina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri na kuomba radhi kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, hasa Wahindi na Waafrika, hawakukumbukwa sawa na wengine, na wengine wasiopungua 116,000 hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi katika hao ni wapagazi wetu. Mhindi wa Basra na Mzigua aliyefia njiani akibeba risasi wamefutwa kwa mkono mmoja.

Nije sasa kwenye lile neno lako, kibaraka. Mimi siku zote huwaambia wanafunzi waweke siku mbili pembeni kwa pembeni.

Ya kwanza ni tarehe 13 Aprili 1919, Amritsar. Watu wamekusanyika katika uwanja wa Jallianwala, umezungukwa na kuta, njia za kutokea ni nyembamba. Brigedia Jenerali Reginald Dyer anaingia na askari, Wagurkha, Wasikh na wengine wa jeshi la India, hamsini wao wana bunduki. Hakuna onyo. Zinapigwa risasi 1,650, mpaka zinakaribia kwisha. Hesabu ya serikali yenyewe ilisema waliokufa ni 379. Wahindi walisema ni wengi zaidi. Amri ilikuwa ya Mwingereza. Vidole vilivyovuta vilikuwa vya Wahindi na Wagurkha. Sina utetezi kwa vidole vile, na usije ukanisikia nikiwatetea.

Ya pili ni tarehe 23 Aprili 1930, Peshawar, mtaa wa Qissa Khwani. Tena umati, tena hauna silaha, wengi ni Wapathani Waislamu. Wameletwa askari wa kikosi cha Garhwal, Wahindu wa milimani, na Mwingereza anaamini kabisa kwamba Mhindu hatamhurumia Mwislamu. Platuni mbili zilikataa. Havildar wao, Chandra Singh, aliwaambia wasipige. Walinyang'anywa silaha, wakafikishwa mahakama ya kijeshi. Chandra Singh akahukumiwa kifungo cha maisha, akakaa gerezani mpaka 1941. Hakuwa na cheo kikubwa wala hakuwa amesoma katika chuo chochote cha maofisa. Alijua sheria ya jeshi inasema nini juu ya anayekataa amri, na alikataa.

Neno lako linamfaa mtu aliyekuwa na nafasi ya kuamua akaamua vibaya. Wale wa Tanga, mwanangu, walishushwa ufukweni bila kujua hata jina la mji. Walikuwa na nafasi gani? Wa Amritsar walikuwa nayo, ingawa ilikuwa nyembamba. Wa Peshawar waliitumia. Ukiwatia wote katika neno moja unamfanya Chandra Singh awe sawa na wale wa Dyer, na hilo siwezi kulikubali kwa mwanangu.

Maofisa nao walipitia njia yao. Mwaka 1918, baada ya damu yote ile, Mwingereza alifungua mlango wa chuo cha Sandhurst kwa Wahindi kumi kwa mwaka. Kumi, kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 300. Mwaka 1919 Cariappa alikuwa miongoni mwa vijana wa kwanza waliopewa hati ya Mfalme kutoka chuo cha Indore. Mwaka 1923 zikatengwa batalioni na rejimenti nane tu ambamo maofisa Wahindi wangewekwa, sababu kubwa ikiwa kwamba Waingereza hawakutaka kamwe kupokea amri kutoka kwao. Katika miji mingi ofisa huyo mwenye hati ya Mfalme hakuruhusiwa kuingia klabu ambayo wenzake walikuwa wakinywea jioni. Hatimaye mwaka 1932 kikafunguliwa chuo cha kijeshi Dehra Dun. Katika kundi la kwanza la vijana arobaini walikuwemo watatu ambao baadaye kila mmoja aliongoza jeshi la nchi yake: Sam Manekshaw wa India, Muhammad Musa wa Pakistan, Smith Dun wa Burma. Naye Cariappa, Januari 1949, akawa Mhindi wa kwanza kuwa mkuu wa jeshi la India. Inamaanisha uwezo ulikuwepo siku zote, na ulikuwa umefungiwa nje.

Vita vya pili vilileta mtihani mkubwa zaidi. Singapore ilipoanguka Februari 1942, makumi ya maelfu ya Wahindi walitekwa na Wajapani. Kapteni Mohan Singh akaanza kukusanya jeshi la kuikomboa India kwa msaada wa Wajapani, na mwaka uliofuata Subhas Chandra Bose, mwanasiasa aliyepigania uhuru wa India, akaja kuliongoza. Wengine wakajiunga kwa imani, wengine kwa kuikimbia kambi ya mateka, wengine wakakataa wakateseka. Wakati huohuo jeshi la Mwingereza likakua mpaka Wahindi milioni mbili na nusu, jeshi kubwa kuliko yote duniani la watu wa kujitolea. Kwa hiyo Burma mwaka 1944 Mhindi alikuwa pande zote mbili.

Babu yangu alikuwa huko. Unajua alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza. Hukumkuta, lakini ile picha ya sebuleni ndiyo yeye. Alikwenda na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakateremka bonde la Kabaw katika mvua, malaria na matope, wanawafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma. Utotoni alifanya kazi duka la Mhindi barabara ya kumi na mbili, kwa hiyo Kihindi cha kuokoteza alikuwa nacho, na madereva wa nyumbu wa jeshi la India walimpenda kwa ajili hiyo, wakimkaribisha chai. Siku moja waliletwa mateka, wamekonda, miguu imevimba, nao ni Wahindi, watu wa Bose. Mchunga nyumbu mmoja akamtambua mmoja wao: kijana wa kijiji chake, waliandikishwa siku moja. Babu alisema yule mtu aliacha kamba ya nyumbu, akaenda kumpa mateka kikombe chake cha chai, sajini akampigia kelele, hakugeuka. Babu alikuwa akinisimulia hilo kuliko habari za risasi.

Vita vilipokwisha Mwingereza akafanya kosa kubwa. Novemba 1945 aliwashtaki hadharani, ndani ya Ngome Nyekundu ya Delhi, maofisa watatu wa Bose: Shah Nawaz Khan, Prem Sahgal na Gurbaksh Singh Dhillon. Mwislamu, Mhindu na Msikh. Nchi nzima ikasimama nyuma yao. Walihukumiwa kifungo cha maisha cha uhamishoni, na mkuu wa jeshi, Auchinleck, akalazimika kuifuta adhabu hiyo, maana alijua maofisa wake Wahindi wanawatazamaje watu wale. Februari 1946 mabaharia wa jeshi la majini wakagoma Bombay, wameanzia kwenye chakula kibovu na matusi ya mkuu wao, wakaishia kupandisha bendera za vyama vya siasa juu ya meli za Mfalme. Mwaka mmoja na nusu baadaye Mwingereza aliondoka. Wanahistoria wanabishana uzito wa kila sababu. Mimi naamini alipoona hawezi tena kuwa na uhakika na bunduki alizozigawa mwenyewe, hesabu ilikuwa imekwisha.

Na hili usilione kuwa ni la Wahindi peke yao. Keya walifanyiwa hivyohivyo. Mwafrika katika Keya hakuwa ofisa kamili. Katikati ya miaka ya 1950 Mwingereza alimletea cheo cha efendi, kilichofanana sana na kile cha jemadari na subedari wa India: juu ya sajini, chini ya kila Mwingereza. Ndipo alipofikia Idi Amin mwaka 1959, na hapakuwa na ngazi ya juu zaidi kwa mtu mweusi mpaka uhuru ulipokaribia. Na sisi Tanganyika, miaka miwili baada ya bendera kupanda, maofisa wa jeshi letu wengi walikuwa bado Waingereza. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Walidai mshahara, na walidai maofisa wale waondoke. Mwalimu alilivunja jeshi lile na Septemba mwaka huohuo likazaliwa JWTZ. Namna maasi yale yalivyofanyika na hatari iliyotupata tutazungumza siku nyingine, ila dai lao la pili lingeeleweka na kila subedari aliyewahi kumpigia saluti kijana wa miaka ishirini.

Sasa hilo la mwenzako. Nakuomba umtafute. Usimwambie kwamba mababu zake walikuwa mashujaa, kwa sababu wewe hujui, na huenda yeye mwenyewe hajui. Muulize kikosi gani, na mwaka gani. Familia nyingi za Punjab huhifadhi nishani, na pembeni ya nishani huandikwa namba, cheo, jina na kikosi cha mtu. Ukipata jina la kikosi niletee, nitakuambia kilikuwa wapi na kilifanya nini, kizuri na kibaya. Likizo ukija naye, nitawapeleka wote wawili Jasini.

Picha ya babu nimeipeleka kutengenezwa fremu. Nyuma yake kuna namba yake ya jeshi, nimekunakilia hapo chini ya bahasha, uitunze.

Mama yako anasema ule vizuri na uache kukesha.

Ni mimi baba yako.